UZI: Yamaha FG-180 ya zamani imetoka kwa fundi – shingo, briji, mfupa wa ng'ombe, pikapu na bei za Kampala

waya_sita (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Watu kadhaa wamenifuata inboksi kuuliza lile gitaa la baba mdogo limefikia wapi, sasa badala ya kumjibu kila mtu kivyake nimwage yote hapa, uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma ateremke mpaka kwenye bei.

Gitaa ni Yamaha FG-180, ile ya lebo nyekundu, ukichungulia ndani unaona Nippon Gakki, ndilo jina kampuni ililokuwa nalo kabla haijawa Yamaha Corporation 1987. Hizi zilianza kutoka Japani 1966 na zikasambaa dunia nzima kwa sababu zilikuwa za bei ya kawaida na zinalia vizuri kupita bei yake, hata Woodstock 1969 Country Joe McDonald alipanda jukwaani na ndugu wa gitaa hili, FG-150. Hii yetu baba mdogo aliinunua Jinja 1972, jirani Mhindi alikuwa anauza vitu vya nyumba baada ya Amin kuwapa siku 90 za kuondoka. Akapiga nayo kwenye sherehe za watu miaka mingi, vidole viwili tu, gumba na cha shahada, ule mtindo wa Kikongo wa kina Mwenda wa Bayeke, halafu likaanza kuwa gumu likawekwa juu ya kabati.

Ugumu gani? Eksheni, yaani nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo). Freti ya 12 waya mnene ulikuwa umeinuka milimita 4 kamili, kawaida unataka 2 na nusu hivi au chini kidogo. Kodi ya F ukiishika dakika moja unatafuta maji baridi. Na kuna fundi wa zamani (simtaji) alishaliona tatizo hilo, dawa yake ikawa kukata sedo (kile kipande nyuzi zinapopita juu ya briji, na briji ni ule ubao wa kifuani unaoshika nyuzi) mpaka ikabaki imechungulia tu, na briji ilipoanza kung'oka nyuma akapiga skrubu mbili za mbao kutoka juu mpaka ndani, akaziba vichwa na kitu kama putti. Skrubu za kabati jamani, kwenye kifua cha gitaa.

Sasa fundi niliyempata. Yuko upande wa Ndeeba hapa Kampala, karibu na wauza mbao, mzee mtaratibu, alianzia kwenye adungu (kinubi) kwao West Nile akaja akaingia kwenye magitaa ya makanisa. Hana bango. Nikamwambia mzee shikamoo, nataka eksheni ishuke, hakujibu. Alitoa tochi na kioo kidogo cha kinyozi akakiingiza kwenye tundu la sauti, akawa anagonga kifua kwa kifundo cha kidole sehemu moja moja huku amesogeza sikio. Halafu akachukua risiti ya duka, ile karatasi nyembamba, akaisukuma chini ya briji upande wa nyuma, ikaingia mpaka karibu nusu. Akaniangalia tu. Kisha akalaza rula ndefu ya chuma juu ya freti, akaisogeza mpaka kwenye briji: kwenye gitaa lenye shingo nzuri ncha ya rula inapita juu ya briji au inaigusa usoni, yangu iligonga briji kwa mbele huko chini, milimita 5 au 6 chini ya uso wake.

"Kijana wangu, sedo haina kosa. Shingo imekuja mbele."

Ndiyo nikaelewa. Nyuzi za chuma za kawaida, seti ya 12 (namba ya unene wa nyuzi), zinavuta kilo 70 na kitu, mchana na usiku, miaka hamsini. Mwili unajikunja taratibu na shingo inaelekea kwenye nyuzi. Huwezi kuitibu hiyo kwa kukata sedo, ukikata unaua na sauti, maana waya haupandi tena na kuikandamiza sedo, unapita juu yake kivivu.

Nitaendelea, ngoja nikapokee simu.

kwaya_namba_nne

Samahani mkuu kwani hiyo haikazwi na ile nondo ya ndani ya shingo? mimi yangu nilinunuliwa na funguo yake kabisa, ukizungusha inashuka

waya_sita

Swali zuri, hata mimi nilimuuliza. Nondo inanyoosha shingo yenyewe, ule upinde kati ya nati (kile kipande cha upande wa kichwa nyuzi zinapopita) na mwili. Bonyeza waya freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, freti ya 14, kwa wakati mmoja, chungulia katikati, unatakiwa uone kanafasi kama unene wa karatasi mbili tatu. Kama ni kubwa kuliko hapo kaza, kama waya umelala kabisa legeza, robo mzunguko halafu subiri. Lakini PEMBE ambayo shingo imeingilia kwenye mwili nondo haifiki huko, eti "kaza tu", ndivyo watu wanavyozivunja. Mzee alisema ameshaletewa gitaa ambalo kichwa cha nondo kimezungushwa mpaka kimekatika na mwenyewe bado analalamika eksheni iko juu.

Nakawa_Blues

Banange mimi nitasema ukweli wengine wanaogopa. Hilo gitaa juu ni plaiwudi. PLAIWUDI. Shilingi laki nne za Uganda unanunua gitaa jipya la Mchina hapo town na begi unapewa. Kutengeneza kitu cha plaiwudi kwa pesa ya kitu kipya ni mapenzi hayo si hesabu

waya_sita

Ssebo sikatai, plaiwudi ni kweli, kifua cha FG-180 ni spruce ya kubandika, si ubao mzima. Ila plaiwudi ya wakati ule ni nyembamba, na baada ya miaka hamsini imekauka inalia, na faida yake nyingine haipasuki ovyo. Njoo nayo hapa ulinganishe na la laki nne, pia hilo la laki nne juu ni plaiwudi nene kama meza ya shule. Halafu hilo jipya likivuta shingo miaka mitano ijayo utafanya nini, utanunua lingine?

Nakawa_Blues

Ndiyo nitanunua lingine 😂 kale endelea

waya_sita

Naendelea. Kabla ya kukubaliana bei mzee alinipa orodha ya vitu ambavyo HATAFANYA, na hapo ndipo aliponishika. Hatapiga vanishi mpya (nilitaka ing'ae). Hatabadilisha vile vifungio vya kukazia nyuzi, atavipa oili tu. Hatatoboa ubavu kuweka boksi la ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha sauti ya pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya gitaa kuipeleka kwenye spika). Na shingo hatairudisha kwa gundi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuifungua. Kila kitu alichokubali kufanya ni kitu ambacho fundi mwingine baada yake anaweza kukifungua akakirudia. Tangu siku ile nikienda kwa fundi yeyote, hata wa pikipiki, nasikiliza anachokataa kwanza.

Kazi yenyewe sasa. Briji ilitoka kwanza. Alipasha bamba la chuma kwenye sigiri, akaliweka juu ya briji na kitambaa cha maji katikati, likakaa kidogo akaanza kuingiza kisu chembamba cha rangi kutoka nyuma ilikokuwa imeshainuka. Skrubu alishazitoa. Chini yake tulikuta kitu cha ajabu, fundi yule wa kwanza alimwaga gundi juu ya vanishi, hakukwangua, yaani briji ilikuwa imeshika rangi, haijashika mbao! Ndiyo maana ilihitaji skrubu. Mzee akakwangua mpaka mbao nyeupe, lakini akaacha ukingo mdogo sana wa vanishi kuzunguka ili isionekane imechokorwa. Matundu ya skrubu akayaziba kwa vijiti vya mbao, na ule ubao wa ndani chini ya briji ambako vichwa vya nyuzi vinakaa ulikuwa umeliwa, akautia kiraka cha mbao ngumu kwenye kila tundu. Nyumbani kwako chungulia kwa tochi, kama vile vishanga vya mwisho wa waya vimezama kwenye mbao badala ya kukaa chini yake, huo ubao unakwisha.

Shingo ndiyo ilikuwa sinema. Kwenye magitaa mengi ya aina hii shingo imeingia kwenye mwili kwa mkia wa njiwa (kiungo cha mbao kilichotanuka mwisho, maseremala mnaijua) na gundi. Njia ni kutoa freti ya 15, kutoboa katundu kembamba pale chini yake kunakoangukia pengo la ule mkia, halafu unaingiza mvuke. Mzee anatumia sufuria ya presha, mpira wa jiko la kahawa, na sindano ile ya kujazia mpira upepo. Kabla ya hapo anapasha ule ulimi wa shingo uliolala juu ya kifua akaufungua kwa kisu. Gundi ya zamani ya ngozi ikipata joto na unyevu inalainika, shingo inatoka yenyewe. Hii haikutoka. Mvuke ulianza kutokea kwenye kisigino, vanishi ikaanza kuwa nyeupe, akazima. Akafuta, akaacha ipoe mpaka kesho yake, akarudia, mara hii akaweka jiriwa aliyoiunda mwenyewe inayosukuma kisigino kutoka chini. Ikaja, lakini upande mmoja wa mkia ukabaki ndani umeng'ang'ania. Si gundi ya ngozi ile, kitu kigumu kama jiwe.

Mpambire_drums

Hapo ndipo watu wengi wanalia. Mimi natengeneza ngoma lakini nimeona rafiki zangu, hizo za Japani za miaka ile shingo zake ni vita. Sasa alifanyaje, aliunga mkia upya?

waya_sita

Angeweza lakini akanipa chaguo mbili. Moja aunge ule mkia kwa kipande kipya aurudishe na gundi, kazi ya siku nyingi na siku shingo ikija mbele tena (itakuja, wire haina huruma) vita inaanza upya. Pili aukate mkia wote uwe ulimi ulionyooka, ajaze lile pengo la mwilini kwa mahogani, halafu shingo ishikwe kwa bolti mbili za M6 kutoka ndani ya tundu la sauti, zinaingia kwenye nati za shaba alizozizamisha kwenye kisigino. Ule ulimi wa juu ya kifua tu ndio unabandikwa kwa gundi ya ngozi kidogo. Nikachagua bolti.

Ile mahogani ya kujazia hakuinunua hapo nje ingawa wauza mbao wako hatua chache, alisema mbao za kule nyingi bado mbichi zimekatwa juzi, alitoa kwenye mguu wa kabati la kikoloni aliloliokota mahali. Ukitaka kumfurahisha fundi wa magitaa mpelekee fenicha iliyovunjika ya bibi yako.

lebo_nyekundu

Sikubaliani kabisa. Umeharibu gitaa la historia. Shingo ya bolti haipitishi sauti kama ya mkia wa njiwa, na mtu anayekusanya haya magitaa akiona bolti anakata bei nusu. Mngetafuta fundi Nairobi.

waya_sita

Mkuu nakuheshimu, ila anayekusanya angelipa nini kwa gitaa lililopigwa skrubu za kabati? Na suala la sauti, kuna makampuni makubwa Marekani yanatengeneza magitaa ya bei mbaya kabisa kwa bolti, Taylor ni bolti, Collings ni bolti. Kinachopitisha sauti ni mbao kukutana na mbao bila hewa katikati. Mzee alikaa nusu siku nzima na chaki na msasa, anapaka chaki mwilini, anasukuma shingo, anatoa, anaona palipogusa, anakwangua hapo tu. Anarudia. Pale kisiginoni alichopunguza hata milimita 2 hazifiki, na hiyo ndiyo imeinua rula ile kutoka milimita 5 chini mpaka usawa wa juu wa briji. Kitu kidogo pale kinakuwa kikubwa kule mbele, ndiyo maana hakushika msumeno wala randa.

lebo_nyekundu

Taylor zilizaliwa na bolti. Hii haikuzaliwa nayo. Lakini sawa, ni lako. Kwa chaki nimempa heshima.

seremala_wa_Bwaise

Mimi ni wa vitanda na makochi ila nimevutiwa. Hiyo gundi ya ngozi anaitoa wapi, mbona mimi natumia ile nyeupe ya mbao kila kitu na haijawahi kuniangusha? Na je epoksi haina nguvu zaidi?

waya_sita

Aliniambia hivi, nguvu zote zinatosha, ugomvi uko kwingine. Gundi nyeupe ya kawaida ikiwa kwenye mvuto usioisha inatambaa polepole, kochi halivutwi kilo 70 saa 24, briji inavutwa. Epoksi inashika sana lakini siku ya kufungua unabomoa. Ya ngozi ikikauka inakuwa kama kioo, haitambai, na ukiipasha na maji inaachia. Kazi yake ni lazima iwe ya moto, kama nyuzi joto 60, ikichemka imekufa. Anaiweka kwenye kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto na una sekunde chache tu kabla haijaanza kuganda, kwa hiyo anapasha na mbao zenyewe, jiriwa zimeshapangwa, na mtu akipita mlangoni kumsalimia hajibiwi. Na usicheke, anatumia jelatini ya kupikia isiyo na ladha kutoka maduka ya vifaa vya keki, ni kitu kilekile, imetoka kwenye ngozi na mifupa.

seremala_wa_Bwaise

Jelatini ya keki 😂😂 leo nimesoma. Nitajaribu kwenye stuli

dada_wa_Gulu

Asante kwa uzi kaka. Mimi shida yangu ni ya kinyume, nilitoka na gitaa Entebbe likiwa sawa, nimefika huku Desemba mpaka Februari freti zimeanza kunikwaruza mkono pembeni, kama zimerefuka, na kuna mstari umeanza kifuani chini ya briji. Eksheni imeshuka mpaka nyuzi zinapiga bzzz. Ni fundi au ni nini?

waya_sita

Dada pole, freti hazijarefuka, mbao ndiyo imesinyaa. Chuma kimebaki palepale ubao wa vidole ukapungua. Kule Entebbe ziwani hewa ina maji mengi, kifua kinavimba na eksheni inapanda, huko kaskazini kiangazi upepo mkavu unakinyonya kinashuka. Gitaa linapenda unyevu kama asilimia 45 mpaka 55, vile vipimo vidogo vya dijitali vinauzwa rahisi, weka kimoja ndani ya begi. Dawa ya kiangazi: chombo cha sabuni kitoboe matundu, ndani weka sponji uliyoikamua vizuri, isidondoshe hata tone, fungia kwenye begi pamoja na gitaa. Usilitundike ukutani. Huo mstari kama ni wa ubao mzima ni ufa, usiupake supaglu wewe, kwanza lirudishe unyevu wiki kadhaa, ufa mwingi unajifunga wenyewe, ndipo fundi anaupitishia gundi na kubandika ndani vibao vidogo vya kuushika, vimekatiza mstari wa mbao. Ukiuziba ukiwa wazi, masika mbao ikivimba itakosa pa kwenda. Na sedo usiongeze sasa hivi, mvua ikianza utakuwa umerudi kulekule juu.

dada_wa_Gulu

Sponji nimeweka usiku huu huu. Apwoyo!

waya_sita

Sasa nati na sedo. Zilikuwa za plastiki. Mzee alitaka mfupa, nikasema nitaleta pembe za Ankole maana wachonga vikombe wanazo nyingi, akanikatiza: pembe ni laini, mfupa ndio mgumu. Basi nikaenda buchani nikanunua mfupa wa mguu wa mbele wa ng'ombe, ile sehemu iliyonyooka, mchinjaji akadhani nina mbwa. Uboho anautoa, anasafisha kwa maji ya moto na sabuni bila kuchemsha sana maana ukichemsha unakuwa wa kumeguka, halafu anauloweka kwenye petroli ya kusafishia ili mafuta yatoke, anauanika kivulini. Ukiacha mafuta unakuwa wa njano na sauti inakuwa butu. Uliokauka vizuri ukiuangusha mezani unalia ting. Alikuwa na wa tayari akatumia huo, wangu uko bado kwenye kopo lake unasubiri gitaa la mtu mwingine.

Sedo mpya imesimama juu ya briji milimita 3 na nusu, waya wa pili ameusogezea kilele chake nyuma kidogo maana huo ndio unaopanda sauti ukishika juu. Anapima kwa tyuna, waya mtupu halafu freti ya 12, lazima zikubaliane. Freti hakubadilisha zote, tano za mwanzo tu zilikuwa zimechimbwa na vidole vya baba mdogo, nyingine alizisawazisha kwa tupa bapa akaziviringa upya migongo. Matokeo: 2.4 upande wa waya mnene, 1.9 mwembamba. Na nimeshuka kutoka seti ya 12 mpaka ya 11, ameniambia mwili wa umri ule usiutese bure.

mpiga_ibada

Bwana asifiwe. Naomba ufafanue ya pikapu, umesema alikataa kutoboa ubavu. Sisi kanisani bila ikwalaiza pembeni haiwezekani

waya_sita

Amina. Shimo la ubavuni halirudi, na vile viboksi vikifa baada ya miaka michache huwezi kupata kingine kinachotosha shimo lilelile. Mimi binamu yangu alinijia na pikapu ya K&K Pure Mini kutoka London, ni visahani vitatu vidogo vinabandikwa ndani chini ya briji kwa supaglu ya mgando, haina betri. Kilichotobolewa ni pale pa kishikio cha mkanda nyuma tu, pamepanuliwa mpaka kama milimita 12 na nusu jeki ikaingia. Akibadili mawazo mtu anaziba kwa kijiti.

Lakini sikiliza hapa, jumapili ya kwanza nilichomeka moja kwa moja kwenye miksa, sauti ikatoka nyembamba kama redio ya jirani. Si kosa la gitaa. Pikapu za namna hiyo zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 hivi, laini ya kawaida ya miksa haina. Weka kati yake priampu au DI boksi ya umeme, vifaa vidogo vya kuiandaa sauti ya pikapu kabla ya miksa (zile zisizo na umeme hazisaidii sana kwa hili), ikwalaiza yako iwe hapo sakafuni. Sauti ilijaa mpaka mwenyekiti wa kwaya akageuka.

mpiga_ibada

Kumbe! Sisi tuna magitaa matatu yanalia hivyo hivyo tukasema ni feki. Ubarikiwe

Nakawa_Blues

Bei mkuu. Umezunguka sana

waya_sita

Haya. Shingo pamoja na bolti laki mbili na nusu. Briji kutoa, kusafisha, kurudisha na kile kiraka cha ndani, elfu themanini. Freti tano mpya na kusawazisha, elfu sabini. Nati na sedo za mfupa elfu hamsini. Kufunga pikapu elfu thelathini, pikapu yenyewe ni ya binamu siihesabu. Jumla laki nne na themanini, nyuzi nilileta mwenyewe. Nililipa nusu mwanzoni nusu mwishoni, na hakuniruhusu kulichukua siku alipomaliza, alilifunga nyuzi likakaa kwake wiki nzima kwenye mvuto, kila asubuhi anapima, ndipo akakaza nondo kidogo na kushusha sedo nywele moja.

Nakawa_Blues

Laki nne na themanini... plaiwudi... kale. Tuma basi tusikie

waya_sita

Nimeweka sauti kwenye grupu. Baba mdogo amelipiga jana, hakusema kitu kuhusu sauti, kitu cha kwanza aliuliza nani amebadilisha nyuzi akaweka nyembamba, anataka 12 zake. Nimemwambia fundi amekataza. Tumegombana kidogo.

kijana_wa_Mbale

Wakuu na mimi nina swali. Niliokota gitaa la zamani halina nondo, kichwa chake kina matundu mawili marefu, nilifunga nyuzi za chuma na sasa kifua kimepanda kama tumbo. Nalo ni la shingo?

Mpambire_drums

Kijana legeza hizo nyuzi SASA HIVI kabla hujasoma linalofuata. Hilo ni la nailoni, limejengwa kubeba karibu nusu ya mvuto wa chuma

waya_sita

Ndugu yangu amesema yote. Legeza, zitoe kabisa, usikate kwa mkasi zikiwa zimekazwa. Halafu funga nailoni baada ya kuchungulia ndani kwa tochi, angalia zile mbavu za mbao zinazopita chini ya kifua kama kuna iliyoachia, bonyeza kifua kwa gumba polepole ukisikia kitu kinagongana ndani basi imeachia. Piga picha kutoka kwenye tundu la sauti, moja kuelekea briji, moja kuelekea shingo, uweke hapa tuone. Kama ni mbavu tu zimeachia mzee anazibandika bila kufungua mwili, Mbale mpaka Ndeeba si mbali, liweke kwenye basi limefungwa kwenye blanketi na usimruhusu konda alifunge juu ya paa.

kijana_wa_Mbale

Nimelegeza. Picha kesho mchana, tochi ya simu yangu imekufa